Safu ya Mjomba: Tuna siku tatu Cape Town, na mume wangu anataka kufika Knysna

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa na mume wangu ni fundi wa majokofu. Desemba hii tunatimiza miaka kumi na miwili ya ndoa, na kwa mara ya kwanza tunasafiri sisi wawili peke yetu, watoto wabaki kwa bibi yao. Pesa tumeziweka miaka miwili, mimi kupitia chama, yeye shilingi moja moja kutoka karakana. Tiketi za ndege tumeshakata. Tunafika Cape Town Alhamisi adhuhuri, wiki ya kwanza ya Desemba, na tunaondoka Jumatatu asubuhi.

Mambo yalikuwa mazuri mpaka tulipoketi kupanga ratiba. Mume wangu amesikia habari za barabara nzuri ya pwani iitwayo Garden Route, na sasa haambiliki. Anataka tukodi gari uwanja wa ndege, Ijumaa tulale mjini, Jumamosi alfajiri twende mpaka Knysna, mji ulioko kwenye barabara hiyo, tuone bahari njia nzima, turudi usiku. Anasema kukaa mjini siku zote ni kupoteza nauli, kwani mji ni mji tu, na bahari hata kwetu iko.

Mimi nina jambo moja tu ninalolitaka, Mjomba. Nataka kufika Robben Island. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu pia. Mandela alipoachiliwa Februari 1990, mzee aliketi kando ya redio mchana kutwa, na jioni akatuita wote akatusimulia habari za kile kisiwa hadi nikaona kama nimekwisha kukikanyaga. Tangu hapo nimejiahidi. Mume wangu anasema sawa, tutakwenda Jumapili "kama muda upo". Hilo neno "kama" linaniuma.

Lipo na la pili, ambalo sijalisema vizuri nyumbani. Naogopa barabara za kando ya majabali. Nilipokuwa chuoni, basi tulilopanda lilifeli breki kwenye mteremko. Dereva alilielekeza kwenye tuta la udongo na hakufa mtu, lakini tangu siku ile nikikaa dirishani upande wa bonde mikono inakufa ganzi. Mume wangu anajua "sipendi milima", basi. Hajui kwamba nimeshafikiria kujifanya mgonjwa siku hiyo ya safari ya gari.

Nisaidie kupanga hizi siku ili tusije tukarudi tumenuniana. Je, gari tunalihitaji kweli? Na kuna namna ya kuona hiyo barabara ya pwani bila mimi kufumba macho njia nzima? Jambo jingine: mume wangu hakosi sala ya Ijumaa, popote alipo.

Mwalimu wa Mombasa

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na Knysna, maana ikiondoka hiyo, mengine yatajipanga. Chukua ramani umwonyeshe mumeo jambo moja. Kutoka Cape Town hadi Knysna ni karibu kilomita 500. Hiyo ni kama kutoka hapo kwenu hadi Nairobi. Muulize: angekubali kutoka Mombasa alfajiri, afike Nairobi, ale chakula cha mchana, ageuze gari arudi Mombasa usiku huo huo, halafu aiite siku hiyo mapumziko ya ndoa? Ni mwendo wa saa sita kwenda na saa sita kurudi, na giza litawakuta barabara ngeni.

Na hata akikubali, sehemu kubwa ya njia bahari hataiona. Hili wengi hawalijui hadi wawe njiani. Garden Route yenyewe inaanzia Mossel Bay kwenda mashariki hadi Storms River. Kabla ya kufika Mossel Bay kuna takriban kilomita 400 za barabara kuu ya N2, na hiyo inapanda mlima Sir Lowry's Pass kisha inapita ndani ya nchi kavu, Caledon, Swellendam, Riversdale, katikati ya mashamba ya ngano. Desemba ngano imekwisha kuvunwa, mtaangalia mabua. Garden Route ni nzuri kweli, lakini ni safari ya mtu mwenye siku tano au sita ambaye analala njiani. Aiweke akiba ya mwaka mwingine.

Sasa nimpe habari njema, kwani simnyimi barabara yake. Barabara ya pwani anayoiota inaanzia pale pale mjini. Cape Town imekaa kwenye mzizi wa rasi ndefu iliyochomoza baharini kuelekea kusini, na ukiizunguka rasi hiyo kwa gari ukarudi ulikotoka, ni kama kilomita 150 tu. Ndani ya kilomita hizo mna Chapman's Peak, mna Cape Point, mna pengwini, mna miji midogo ya wavuvi, na bahari iko ubavuni sehemu kubwa ya njia. Siku moja inatosha bila kukimbizana, na jioni mnalala kitanda kile kile.

Kabla sijafika huko lazima tuzungumze habari ya upepo, kwa sababu Cape Town upepo ndio unaopanga ratiba. Kuanzia kama Oktoba hadi Machi unavuma upepo wa kusini-mashariki. Wenyeji wanauita Daktari wa Cape, kwa kuwa watu wa kale waliamini unafagia hewa chafu ya mji. Ukishika kasi, gari la waya linalopanda Table Mountain, mlima ulio juu ya mji, husimamishwa, na boti za Robben Island zinaweza kufutwa siku nzima. Upepo huo huo unasukuma hewa yenye unyevu juu ya mlima, nayo ikipoa inageuka wingu jeupe linalotandaza kileleni na kumwagikia ukingoni kama kitambaa cha meza. Ukiwa chini unapendeza sana kuutazama. Ukiwa ndani ya wingu lile juu huoni hata mkono wako.

Mimi lilinifika. Mara yangu ya kwanza nilifanya kile anachotaka kufanya mumeo: nikaiacha Robben Island siku ya mwisho, nikizungukazunguka siku za utulivu mahali ambapo ningeweza kwenda hata kwenye tufani. Siku ya mwisho upepo ukavuma, boti zikafutwa, nikasimama gatini na tiketi mkononi. Niliondoka bila kukanyaga kisiwa. Ilinichukua miaka kurudi, na ndiyo sababu barua yako nimeijibu kwa urefu hivi.

Kwa hiyo shikeni kanuni hii moja: siku tulivu mpeni mlima na boti, siku ya upepo mpeni gari. Gari linavumilia upepo. Boti na waya havivumilii.

Robben Island ikateni Ijumaa asubuhi, boti ya kwanza, ile ya saa tatu. Ikifutwa, mna Jumamosi na Jumapili za kuwaokoa. Tiketi msisubiri kuzinunua huko, maana Desemba watu wanafurika na nafasi huisha siku nyingi kabla. Nunueni kwa intaneti wiki hii, kabla hata ya hoteli. Boti inaondokea Nelson Mandela Gateway, pale bandarini V&A Waterfront, na safari nzima pamoja na bahari huchukua kama saa tatu na nusu. Mtazungushwa kwa basi, mtaona machimbo ya chokaa ambako wafungwa walivunja mawe chini ya jua kali, na nyumba aliyotengwa peke yake Robert Sobukwe, mpigania uhuru mwingine. Kisha mnaingia gerezani kwa miguu, na anayewaongoza humo kwa kawaida ni mtu aliyewahi kufungwa humo humo. Mandela alikaa kisiwani kuanzia 1964 hadi 1982, miaka 18 kati ya ile 27. Chumba chake utakiona. Ni kidogo kuliko utakavyokuwa umejiandaa, hata kama baba yako alikusimulia vizuri.

Hapo ndipo nataka umgeuze mumeo mawazo kuhusu "mji ni mji tu", kwa habari ambayo nadhani hajaisikia. Zaidi ya miaka 180 kabla ya Mandela, Waholanzi walimfunga katika kisiwa hicho hicho mwanazuoni mmoja, Abdullah Kadi Abdus Salaam, aliyeletwa mwaka 1780 kutoka Tidore, Indonesia ya leo. Watu wa Cape wanamwita Tuan Guru, yaani Bwana Mwalimu. Akiwa kifungoni, bila msahafu mbele yake, aliiandika Kurani yote kwa mkono kutoka kichwani. Alipoachiliwa akawa imamu wa kwanza wa msikiti wa Auwal, ulioanzishwa 1794 katika mtaa wa Bo-Kaap, msikiti wa kwanza Afrika Kusini. Msikiti upo mpaka leo, unaswaliwa, na msahafu wa mkono wake umehifadhiwa humo. Mkirudi kutoka kisiwani mchana ule, ni dakika chache tu kwa teksi kutoka bandarini hadi Bo-Kaap. Asubuhi mmeona kisiwa alichofungwa. Ijumaa mumeo aswali katika msikiti aliousimamisha. Boti ikichelewa, misikiti mingine iko jirani mtaani humo humo, hatakosa. Na chakula cha halali msikihofie, Bo-Kaap ndiko nyumbani kwake.

Wewe mwalimu, mwana wa mwalimu, sina haja ya kukueleza zaidi kuhusu Tuan Guru.

Alhamisi ile mtakayofika msiidharau. Cape Town iko mbali kusini kiasi kwamba Desemba jua linazama karibu saa mbili usiku. Kwetu tumezoea saa moja giza limeshaingia. Huko saa moja jua bado lipo. Mkifika adhuhuri, mkaweka mizigo na kupumua, mna saa nne au tano nzuri. Tazameni mlima. Ukiwa wazi na waya unafanya kazi, achaneni na kila kitu mpande jioni hiyo hiyo, msiseme "tutapanda kesho", kwa maana kesho ni ya upepo. Magari yale ya waya yalianza 1929, na ya sasa sakafu yake huzunguka polepole mkipanda ili kila mtu aone pande zote. Ni dakika tano hivi kufika juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Nawe kwa hofu yako, simama katikati, dakika tano zitapita. Juu ni tambarare pana, si ncha, unaweza kukaa mbali kabisa na ukingo. Mkisikia king'ora kinalia, ni upepo unakuja: rudini kituoni mara moja, msingoje picha ya mwisho.

Gari sasa. Umeona nilivyosema siku moja inatosha? Msilikodi uwanja wa ndege. Kutoka uwanjani ni kama kilomita 20 hadi mjini. Kuna mabasi ya MyCiTi na teksi za kuita kwa simu. Siku za mjini gari litawagharimu maegesho na wasiwasi tu. Kodini mjini kwa siku moja, Jumamosi, kwa masharti yanayowaruhusu kuhamisha hadi Jumapili. Boti ya Ijumaa ikifutwa na Jumamosi ikawa tulivu, boti inachukua Jumamosi na gari linasogea. Mumeo aulize mapema kuhusu kadi: makampuni mengi hudai kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, ili wazuie amana, na pesa za simu au kadi ya mtu mwingine hazisaidii. Nimeona familia imesimama kaunta na mabegi, gari wanaliona nje, funguo hawapewi. Leseni ya Kenya iliyoandikwa kwa Kiingereza na yenye picha inatosha. Wanaendesha kushoto kama sisi. Tofauti atakayoiona haraka ni njia panda zenye kibao cha kusimama pande zote nne: aliyefika kwanza ndiye anayeondoka kwanza, na watu wanaifuata kweli. Na mkiuliza njia mkaambiwa "pinda kulia kwenye robot", ni taa za barabarani.

Nakuja kwenye hofu yako, ndilo jambo lililonifanya nichore hii safari kwenye karatasi mara mbili.

Barabara ya Chapman's Peak ina urefu wa kilomita 9 na kona 114, imechongwa kwenye jabali kati ya Hout Bay na Noordhoek. Ilichukua miaka saba kuijenga, 1915 hadi 1922. Bahari iko chini kabisa upande mmoja, mwamba umesimama upande wa pili. Kuna njia mbili za kuipita, na kwa mtu kama wewe tofauti yake ni kubwa. Rasi imenyooka kusini na Atlantiki iko magharibi. Mkitoka Hout Bay kwenda kusini, bahari inakuwa kulia kwenu, na kwa kuwa gari linakwenda kushoto, mnapita ubavuni mwa mlima. Kati yako na shimo kuna dereva, kuna upande mzima wa barabara wa magari yanayokuja, kisha ukuta wa mawe. Dirisha lako, abiria wa mbele, linatazama mwamba. Mkija kinyume, kutoka Noordhoek kwenda kaskazini, nyinyi ndio mnaotembea ukingoni, na wewe uliyekaa kushoto ndiye uliye karibu zaidi na bahari. Wapenda picha huisifu njia hiyo ya pili, na wanaweza kumshawishi mumeo. Nyinyi nendeni kutoka Hout Bay, basi.

Nikueleze na la usalama, kwa kuwa woga wako una sababu na hauondolewi kwa kuambiwa "hamna kitu". Hatari ya barabara hii ni mawe yanayoporomoka kutoka juu. Ilifungwa mwaka 2000 baada ya jiwe kuua mtu. Ikafunguliwa tena Desemba 2003 ikiwa imetengenezwa upya: nyavu za chuma za kukamata mawe zimetandazwa mlimani, na sehemu moja wamekata mwamba ukawa kama nusu ya handaki, mnapita chini ya paa la jiwe na upande wa bahari uko wazi. Tangu hapo inalipiwa, na wanaifunga wenyewe mvua au hali ya mlima ikitia shaka. Kwa hiyo asubuhi kabla ya kutoka tazameni kama imefunguliwa. Ikiwa imefungwa, kuna Ou Kaapse Weg, barabara pana inayokatisha juu ya mlima kutoka ndani na kuwatoa karibu na Noordhoek.

Na ukiona hata hivyo huwezi, mwanangu, kuna njia yenye majabali machache zaidi: shukeni upande wa mashariki, kupitia Muizenberg, Kalk Bay na Simon's Town, ambako barabara inapita karibu na maji kama ile yetu ya kandokando ya ufuo, mfike Cape Point na mrudi vivyo hivyo. Mtakosa Chapman's Peak, hamtakosa siku.

Lakini mumeo lazima ajue. Si "sipendi milima". Mwambie habari ya lile basi, mteremko, tuta la udongo, mikono kufa ganzi, yote, na umwambie nyumbani kabla hamjapanda ndege. Ukimwambia mkiwa mmefika kwenye kibanda cha kulipia pale Hout Bay, magari yamewapanga nyuma, atakasirika kwa kuwa hana pa kugeuzia, nawe utaona hasira zake ni za dharau, kumbe hajui. Miaka kumi na miwili ni mingi kwa mtu kukuona ukinyamaza garini bila kujua kwa nini. Kubalianeni neno moja: ukilisema, anapunguza mwendo na kusimama mahali pa kwanza panaporuhusu, bila maswali. Jua tu kwamba maegesho ya kutazamia mandhari yako upande wa bahari, kwa hiyo mkienda kusini ni lazima avuke upande wa pili wa barabara. Asivuke kwenye kona.

Tokeni mjini saa moja asubuhi. Piteni Camps Bay, vilele vya Twelve Apostles vikiwa kushoto, mteremke Hout Bay, mpande Chapman's Peak magari yakiwa bado machache. Kutoka Noordhoek fuateni pwani kupitia Kommetjie na Scarborough hadi lango la hifadhi ya Cape Point. Mkifika saa tatu au saa nne mtayatangulia mabasi ya watalii.

Hapo Cape Point kuna minara miwili ya taa na kisa chake kinanipendeza kila mara. Mnara wa kwanza ulijengwa karne ya 19 juu kabisa, mita 238, wakidhani juu ndiko bora. Kumbe wingu na ukungu huufunika, na manahodha hawakuuona walipouhitaji zaidi. Mwaka 1911 meli ya Kireno iitwayo Lusitania ikagonga miamba pale chini. Ndipo wakajenga mwingine chini zaidi, mita 87, ukaanza kazi 1919. Ule wa zamani mnaweza kuupanda kwa miguu au kwa kigari cha reli. Upepo huko juu ni mkali hata siku ambayo mjini ni tulivu, hivyo jaketi ni lazima, Desemba au si Desemba, na buibui lifunge vizuri.

Watu watawaambia mko ncha ya kusini ya Afrika. Sivyo. Rasi ya Tumaini Jema ni ncha ya kusini-magharibi. Ile ya kusini kabisa ni Cape Agulhas, mbali zaidi mashariki. Ndani ya hifadhi hiyo tafuteni misalaba miwili mikubwa, mmoja wa Bartolomeu Dias aliyepita hapo 1488, mwingine wa Vasco da Gama. Huyu wa pili alizunguka rasi ile mwishoni mwa 1497, na Aprili 1498 akatia nanga Mombasa, akaenda Malindi ambako nguzo yake mnaijua. Simameni hapo mtazame bahari. Maji yale mkiyafuata kwa mkono wa kushoto bila kuacha pwani yatawafikisha nyumbani.

Nyani wa huko ni wezi hodari. Vioo vifungwe, milango ifungwe, wala usishike chakula mkononi ukiwa nje.

Kurudi ni kwa upande wa mashariki. Boulders Beach, Simon's Town, ndiko waliko pengwini. Walianza jozi mbili tu mwaka 1982, wakawa kundi kubwa linalotembea mchangani karibu na watu. Pengwini hao wa Kiafrika sasa wako hatarini kabisa kutoweka, basi watazameni kwenye njia za mbao na msiwaguse, tena midomo yao inakata kama wembe. Mumeo akitaka kuogelea, aogelee upande huu wa False Bay. Upande wa Camps Bay ni maji ya mkondo wa Benguela, baridi ambayo mtu wa Mombasa hajawahi kuingiza mguu. Kalk Bay kuna bandari ya wavuvi, kuleni samaki. Jua likielekea kuzama mtakuwa njiani kurudi mjini, na sitaki mwendeshe usiku.

Usalama nausema kwa kifupi. Usiache hata sweta likionekana kwenye kiti. Usiku tumieni teksi badala ya kutembea, hata kama ni mitaa mitatu tu. Mtu aliyevaa fulana ya kung'aa kwenye maegesho ni mlinzi wa magari. Mwachie randi chache mnapoondoka. Na simu ikiwaonyesha njia ya mkato kupitia mitaa msiyoijua, iacheni, bakini barabara kuu.

Jumapili iacheni tupu. Hiyo ndiyo akiba yenu ya upepo. Kama kila kitu kimekwenda sawa, nendeni bustani ya Kirstenbosch, mgongoni mwa mlima, mlale kwenye nyasi. Ama, mkiulizia kwanza kama liko wazi Jumapili, mkatembelee jumba la makumbusho la District Six, mtaa uliotangazwa wa Wazungu peke yao mwaka 1966, wakaondolewa watu zaidi ya 60,000. Baada ya Robben Island, wewe nadhani utataka hilo. Yeye akichoka na historia, ampigie simu bibi wa watoto akikusubiri nje.

Viza Wakenya hatuhitaji kwa ziara ya hadi siku 90 kwa mwaka, tangu Januari 2023. Kadi ya manjano, ya chanjo ya homa ya manjano, ndiyo itakayotazamwa. Kama hamjachanjwa, nendeni si chini ya siku kumi kabla ya safari. Lakini kwanza tiketi za boti, Ijumaa, saa tatu asubuhi, watu wawili. Leo hii, mwanangu, kabla hujamwonyesha mumeo barua hii.

Mjomba